Picha ya Yangeyange Haitaki Jiwe

Mtu asimamaye Bigwa jioni, akauelekeza uso wake kusini kwenye safu ya milima ya Uluguru, hakosi kuiona milolongo ya ndege weupe warukao kutoka mabondeni kwenda kwenye miti yao ya kulala. Hao ni yangeyange. Wakazi wa Morogoro wamewazoea mno hata hawawatazami tena. Mgeni ajaye na kamera yake huwapita vivyo hivyo, akapanda mlimani kumtafuta chozi wa Loveridge, ndege ambaye hapatikani penginepo duniani isipokuwa katika milima hiyo.

Simlaumu mgeni huyo. Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba kwa mwalimu na mwanafunzi wa sekondari, yule ndege wa kawaida apitaye juu ya paa la darasa kila siku ana mafunzo mengi kuliko ndege adimu anayeonekana mara moja kwa mwaka. Picha yake akiwa anaruka, ikipigwa kwa utaratibu, ni chombo halisi cha utafiti ambacho shule zetu zinaweza kukimudu. Lakini liko sharti moja: ndege arushwe na nia yake mwenyewe, asirushwe na mpiga picha. Sharti hilo nilijifunza kwa aibu, nami naona ni afadhali nieleze aibu yenyewe kuliko kuhubiri tu.

Jiwe lililorushwa

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa masika, niliwachukua wanafunzi wangu hadi kwenye mti mmoja kando ya mashamba, mahali ambapo yangeyange walikuwa wamejenga matago yao. Nilikuwa na kamera ya kuazima, nayo ilipaswa kurudishwa jioni ile ile. Tulikaa karibu saa nzima. Ndege walitulia juu ya matago, na mimi nilitaka mabawa yaliyokunjuliwa. Kijana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, niwarushe?" Sikumjibu. Kijana yule, kama ilivyo desturi ya wanafunzi wote, aliufasiri ukimya wangu kuwa ni ruhusa.

Jiwe liligonga tawi. Ndege wote waliinuka kwa pamoja, nami nikapiga picha mfululizo, wanafunzi wakishangilia. Kelele hizo zilimleta mzee mmoja aliyekuwa akipalilia mpunga wake jirani. Tulimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba," kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, umekwisha pata ulichokitafuta?" Nikamjibu kwamba nimepata. Ndipo akatuonyesha kwa jembe lake makinda wawili walioanguka chini ya mti, na kunguru waliokuwa wakishuka juu ya matago yaliyoachwa wazi. "Hawa ndio wanaonilia panzi shambani," akasema, akarudi kwenye palizi yake.

Usiku ule niliziangalia picha zangu. Katika kila picha palikuwa na mabaka meupe kama chokaa iliyomwagika, bila unyoya hata mmoja kuonekana. Niliwapoteza makinda, na picha pia sikuipata. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza maswali mawili: kwa nini picha ziliharibika, na kwa nini niliona ni lazima jiwe litupwe? Nimekuja kutambua kwamba jibu la maswali yote mawili ni moja. Sikuwa na maarifa ya kutosha, nami nikatumia nguvu mahali pa maarifa.

Weupe ni nini?

Tuanze na zile picha. Unyoya wa yangeyange hauna chembe za rangi ndani yake. Umejengwa kwa keratini, protini ya jamii ile ile ifanyayo kucha zetu, nayo ina vijinafasi vidogo sana vyenye hewa. Nuru ikiingia humo hutawanywa huku na huku, na kwa kuwa rangi zote za nuru hutawanywa karibu sawasawa, jicho huona weupe. Mfano wake ni povu la sabuni: maji hayana rangi, hewa haina rangi, lakini vikichanganyika kwa viputo vidogo hutoa povu jeupe.

Kwa sababu hiyo, ndege huyu hurudisha sehemu kubwa ya nuru ya jua inayompata. Kipimanuru cha kamera, kwa upande wake, hakijui kwamba mbele yake kuna ndege. Kimeundwa kwa dhana kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, hurudisha nuru ya wastani, ambayo kwa desturi huhesabiwa kuwa asilimia 18. Pale Bigwa, mpiga picha akielekea mlimani, sehemu kubwa ya picha yake ni msitu mzito wa kijani. Kipimanuru huona giza, kikaongeza nuru ili msitu uonekane vizuri, na ndege huungua. Akigeuka kaskazini akampiga picha ndege yule yule dhidi ya mawingu yenye kung'aa, kipimanuru hupunguza nuru, na ndege hutoka mweusi kama kivuli. Ndege ni yule yule na jua ni lile lile. Kilichobadilika ni ukuta ulio nyuma yake.

Katika kamera za siku hizi kila nukta ya picha hupewa namba, aghalabu kuanzia 0 kwa giza hadi 255 kwa weupe kamili. Nukta ikifika 255 haina pa kwenda tena. Manyoya mawili, moja jeupe na jingine jeupe zaidi, yote huandikwa 255, na tofauti yao hupotea. Hakuna fundi awezaye kuirudisha, maana haikuandikwa.

Wapiga picha wa zamani waliifahamu dawa ya jambo hili kabla vipimanuru havijaenea. Kanuni yao ilikuwa hivi: katika jua kali lisilo na mawingu, weka tundu la lenzi kwenye f/16, na muda wa kuingiza nuru uwe sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa kwa kasi ya filamu. Filamu ya kasi 100 hutaka sehemu 1/100 ya sekunde. Lakini tuseme yangeyange anaruka mita 10 kwa sekunde. Katika 1/100 ya sekunde atakuwa amesogea sentimita 10, na picha itakuwa na ukungu. Katika 1/1000 atakuwa amesogea sentimita moja tu. Basi tunafupisha muda na kulipanua tundu kwa kiasi kile kile: 1/200 kwa f/11, 1/400 kwa f/8, 1/800 kwa f/5.6. Nuru inayoingia ni ile ile. Mwisho, kwa kuwa ndege ni mweupe, tunaipunguza nuru kwa nusu, tukafika 1/1600 kwa f/5.6. Ninawaomba walimu wa fizikia walitazame hesabu hilo: lina kasi, umbali, muda na nuru, na jawabu lake huruka juu ya shule kila jioni.

Asiye na kamera ya namna hiyo, bali ana simu ya mkononi tu, anayo njia nyepesi. Mwanafunzi mmoja aliyevaa shati jeupe la sare na asimame juani. Gusa kioo cha simu penye shati, kisha upunguze mwanga mpaka mikunjo ya shati ionekane wazi. Kipimo hicho kikiisha kufungwa, subiri ndege. Shati na unyoya viko chini ya jua moja. Kipimo cha kimoja hufaa kwa kingine, maadamu jua halijabadilika. Jua likishuka, pima upya.

Upepo na jua badala ya jiwe

Sasa tuje kwenye jiwe. Mpiga picha hurusha jiwe kwa sababu hajui ndege ataruka lini na ataelekea wapi. Mambo hayo mawili yanaweza kujulikana kwa kuchunguza. Yangeyange wana ratiba: hutoka asubuhi kwenda mabondeni, na hurejea kati ya saa kumi na moja jioni na magharibi. Mwanafunzi atakayeandika saa na njia zao kwa siku saba ataweza kuwatangulia siku ya nane.

Halafu ndege wakubwa hupaa na kutua wakiukabili upepo, kwani upepo wa mbele huwaongezea nguvu ya kuinuliwa. Mtu akisimama huku upepo ukimpiga mgongoni, ndege wanaopaa au kutua mbele yake watamwelekea. Tena ndege hutoa dalili kabla ya kuruka: huinama, hukunja magoti, hunyoosha shingo. Ajuaye dalili hizo hana haja ya kumshtua. Na kama ndege ameacha kula akasimama wima na kukutazama, jua kwamba umekwisha karibia kupita kiasi, rudi nyuma.

Jua nalo lina habari yake. Morogoro iko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 7 za latitudo. Mwezi Juni adhuhuri jua huwa upande wa kaskazini, hivyo mtu aangaliaye mlimani analo nyuma yake, na ndege hung'aa mbele ya msitu. Mwezi Desemba jua la adhuhuri huwa upande wa kusini, na mtu yule yule huliona mbele yake, likimtia ndege kivuli. Mwanafunzi aliyekariri habari za tropiki ya Kansa na tropiki ya Kaprikoni bila kuzielewa ataziona hapo kwa macho yake.

Shingo, mdomo na miguu

Mtu anaweza kuuliza: picha hiyo ikiisha kupatikana, ina faida gani? Faida ya kwanza ni kutofautisha. Neno "ndege mweupe" halitoshi katika daftari la sayansi. Yangeyange afuataye ng'ombe, Bubulcus ibis, ana mdomo mfupi wa manjano, na wakati wa kuzaa hupata rangi ya hudhurungi hafifu kichwani, kifuani na mgongoni. Yangeyange mdogo, Egretta garzetta, ana mdomo mweusi na miguu myeusi, lakini nyayo zake ni za manjano, nazo huonekana nyuma ya mkia anaporuka. Yangeyange mkubwa, Ardea alba, ana shingo ndefu mno, na nyayo zake ni nyeusi kama miguu. Hawa wote huruka wakiwa wamekunja shingo kwa umbo la herufi S, jambo linalowezeshwa na muundo wa mifupa ya shingo yao. Kwarara mwenye kichwa cheusi na domomwiko huruka wakiwa wamenyoosha shingo.

Alama hizi nyingi hazishikiki kwa jicho katika sekunde mbili za ndege kupita. Picha huzishika, lakini ile tu iliyopigwa kwa kipimo sahihi. Picha iliyoungua huifuta kwanza ile rangi hafifu ya kifuani.

Faida ya pili ni kwamba picha hutunza hata kile ambacho mpigaji hakukijua. Yangeyange wa ng'ombe alivuka bahari ya Atlantiki kutoka Afrika, akafika Amerika Kusini mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1952 mpiga sinema Richard Borden aliwapiga picha ndege weupe huko Florida, Marekani, akidhani ni wa aina ya huko. Baadaye, alipoirudia filamu yake, iligundulika kuwa ni yangeyange wa kwetu, katika siku ambazo wataalamu wa Marekani walikuwa wanaanza tu kuwatambua. Jicho lilikosea, lakini filamu iliandika kweli.

Faida ya tatu ni hesabu. Nyumbu wa Serengeti wamehesabiwa kwa picha zilizopigwa kutoka angani. Shule inaweza kufanya vivyo hivyo na kundi moja la yangeyange: picha igawanywe kwa miraba, wanafunzi watatu wahesabu kila mmoja peke yake, wastani uandikwe, na tofauti zao ziandikwe pia, maana tofauti hizo ndizo kadirio la kosa. Hata mapigo ya bawa yanahesabika. Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza mwaka 1882 kamera yenye umbo la bunduki, iliyopiga picha 12 kwa sekunde, ili achunguze ndege wanavyoruka. Simu ya kawaida leo hupiga video ya picha 30 kwa sekunde. Tuseme bawa hurudi mahali pake kila baada ya picha 10; basi ndege anapiga mabawa mara 3 kwa sekunde.

Lakini vipimo hivi vyote hubatilika ndege akiwa ametupiwa jiwe. Ndege aliyeshtuka hapigi mabawa kama arejeaye nyumbani, wala kundi lililotawanyika halina umbo lake la kila siku. Picha zangu za siku ile, hata kama zisingeungua, zisingekuwa picha za mwendo wa yangeyange. Zingekuwa picha za woga wao.

Kilicho hatarini

Wako watakaosema kwamba makinda wawili si jambo kubwa. Nawakumbusha kofia. Mwishoni mwa karne ya 19 yangeyange waliuawa kwa wingi katika nchi mbalimbali ili manyoya yao ya wakati wa kuzaa yapambe kofia za mabibi wa Ulaya na Marekani. Kwa kuwa manyoya hayo huota msimu wa kuzaa, kila mzazi aliyeuawa aliacha makinda wa kufa njaa. Mwaka 1889 huko Uingereza wanawake waliochukizwa na biashara hiyo waliunda chama cha kuwalinda ndege, ambacho kipo hadi leo. Hoja ya wauza kofia ilikuwa kwamba uzuri unastahili gharama hiyo. Mbele ya ule mti, mimi nami niliifuata hoja hiyo hiyo bila kuitamka.

Na hapa kwetu lipo jambo zito zaidi. Misitu ya Uluguru ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, na ni haki, kwani maji yake hushuka hadi mto Ruvu na kuwafikia watu wa Dar es Salaam. Lakini yangeyange hatafuti chakula chake ndani ya mpaka wa hifadhi. Yeye hula chini, katika mashamba ya mpunga, kingo za vijito na malisho, mahali ambapo mji unaokua unatafuta viwanja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria hiyo ni njema, ila sheria huhitaji mashahidi. Picha za miaka 10, zilizopigwa mahali pamoja, zenye tarehe, saa na idadi ya ndege, zinaweza kueleza bonde lilikuwaje na limekuwaje. Nani yuko mahali pamoja kwa miaka 10? Mtafiti mgeni hayuko. Shule ipo.

Pendekezo

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni. Sitaki amri hiyo ivunjwe. Simu moja ikae mkononi mwa mwalimu, na madaftari 40 yakae mikononi mwa wanafunzi. Sehemu kubwa ya kazi niliyoieleza ni ya daftari. Ya pili ni kwamba mitihani haiulizi habari za yangeyange. Ni kweli, lakini huuliza nuru, kasi, uainishaji wa viumbe, mwendo wa jua na wastani. Ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ni kwamba simu haina lenzi ya kuvuta mbali, na ndege atatoka mdogo. Hili ni kweli kwa nyayo na mdomo. Kwa hesabu ya kundi na mapigo ya mabawa, udogo si kizuizi.

Napendekeza basi kwamba kila klabu ya sayansi iliyo jirani na bonde, kijito au bwawa ichague mahali pamoja pa kusimama, ipige picha ya ndege wanaorejea jioni mara moja kila mwezi, na iandike tarehe, saa, upepo, hali ya anga na idadi. Wakati wa kuzaa isiukaribie mti wenye matago. Mwanafunzi atakayewarusha ndege kwa makusudi, picha yake isiingizwe katika kumbukumbu hata ikiwa nzuri kuliko zote. Na mwalimu atakayenyamaza akiulizwa kama nilivyonyamaza mimi, yake isiingizwe pia.

Mwaka uliofuata nilirudi kwenye mashamba yale na wanafunzi wengine. Tulisimama mbali, upepo ukiwa mgongoni, baada ya kupima nuru kwa shati la mwanafunzi mmoja. Tuliwasubiri ndege mpaka waliporuka wenyewe. Mzee yule tulimkuta bado analima pale. Nilimwonyesha picha katika kioo cha kamera, akaitazama kwa muda, akaweka kidole chake kwenye rangi ya hudhurungi kifuani mwa ndege, akasema, "Huyu ana makinda." Katika zile picha za mwaka wa jiwe, asingeweza kuyasema hayo.